Tarakilishi katika ufundishaji wa Hisabati na Sayansi

Juhudi za kuboresha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi nchini Kenya zilianza kabla ya vishikwambi kuingia darasani. Mnamo 1998, mradi wa SMASSE ulianza kutoa mafunzo kwa walimu wa shule za upili kwa ushirikiano wa serikali na shirika la JICA la Japan. Ulihimiza majaribio na vifaa vya kujiundia, si mitambo ya bei ghali.

Vishikwambi vilianza kusambazwa mwaka wa 2016, kufuatia ahadi ya vipakatalishi iliyotolewa kwenye kampeni za uchaguzi wa 2013. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule za msingi za umma, pamoja na projekta na seva. Hata hivyo, baadhi ya shule zilivifungia makabatini kwa kuhofia wezi, na kwingine walimu hawakuwa na ujuzi wa kutosha wa kuvitumia. Kifaa kilichofungiwa hakimfunzi mtoto kujumlisha.

Faida huonekana pale teknolojia inapoonyesha jambo ambalo chaki hushindwa kulionyesha. Mfano ni GeoGebra, programu iliyobuniwa na Markus Hohenwarter wa Austria mwaka wa 2001. Wanafunzi na walimu huitumia bila malipo, na ikishawekwa kwenye tarakilishi hufanya kazi bila intaneti. Mwalimu huchora duara, kisha pembe mbili zinazobebwa na tao moja: moja katikati ya duara, nyingine kwenye mzingo. Mwanafunzi huisogeza nukta ya mzingo atakavyo, na pembe ya katikati hubaki maradufu ya ile nyingine. Akivuka upande wa pili wa tao, kipimo hubadilika ghafla, naye hulazimika kuuliza sababu. Ubaoni, mchoro mmoja husimama tuli, na kanuni hukaririwa tu.

Kazi hiyo haihitaji kishikwambi kwa kila mtoto. Kipakatalishi kimoja na projekta vinatosha darasa zima, mradi mwalimu awaulize wanafunzi wabashiri matokeo kabla ya kusogeza chochote.

Kikwazo kingine ni mtihani. Katika KCSE, mtahiniwa hutumia kikokotoo na majedwali ya hisabati, lakini grafu huichora kwa mkono kwenye karatasi ya miraba. Kwa hiyo baada ya projekta kuzimwa, rula na penseli bado hutumika.