Kabla ya kununua wufa kubwa, hamisha uliyo nayo

Malalamiko ni yale yale, ukiwa Kisauni, Malindi au Lamu. Mtu kanunua wufa, kaifunga ukumbini, na besi haimridhishi. Akikaa kochini haisikii sawasawa, akisimama mlangoni inamvuma kifuani, na jirani wa fleti ya juu ndiye anayekuja kugonga. Dawa anayoiwaza ni moja tu: auze hii, atafute kubwa zaidi.

Ndugu msomaji, tulia kwanza na pesa zako. Mara nyingi ubovu hauko kwenye wufa. Uko pahali ilipowekwa na namna ilivyorekebishwa, na kuyatengeneza hayo hakugharimu hata shilingi.

Chumba nacho hupiga muziki

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Noti ya hezi 40 (kwenye mashine huandikwa Hz), ambayo iko karibu na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, ina wimbi la urefu wa kama mita 8 na nusu. Ukumbi wa futi 12 kwa 12 una mita 3.6 tu. Wimbi ni refu kuliko chumba, likigonga ukuta wa mawe au zege linarudi na kukutana na lenzake. Pale mawimbi yanapoongezana, besi huvuma kupita kiasi. Pale yanapopunguzana, besi hupotea.

Kuna hesabu nyepesi. Pima urefu wa chumba kwa mita, kisha gawanya 172 kwa urefu huo. Kwa mita 3.6 unapata karibu hezi 48, na noti za hapo ndizo zitakazovuma kuliko nyingine. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana huvumisha noti ile ile, na uvumi unazidi. Nyumba za mawe za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zina vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Humo urefu na upana huvumisha noti mbalimbali, hivyo uvumi haurundikani pamoja.

Zulia nene na mapazia hayataondoa tatizo hili. Hayo hupunguza makali ya sauti nyembamba, lakini besi huyapita kama hayapo.

Tafuta pahali kwa masikio

Pembe ya chumba huipa wufa nguvu zaidi, lakini ndiyo pahali inapovuma zaidi. Kuitia ndani ya kabati la televisheni ni kuvumisha kabati. Iweke sakafuni, na kama ina tundu la kupumulia kwa nyuma, iachie nafasi ya angalau shubiri moja kutoka ukutani.

Njia iliyo bora ni hii. Beba wufa uiweke pale pale unapokaa, juu ya kochi. Piga wimbo wenye besi inayotembea noti kwa noti, si ngoma moja inayorudiwa. Kisha tambaa sakafuni kando ya kuta, kichwa kikiwa karibu na usawa wa wufa, usikilize. Kuna pahali utasikia uvumi mtupu, pengine hakuna kitu, na pengine kila noti inasikika kwa kiasi chake. Hapo pa mwisho ndipo wufa ikae. Watoto watakucheka, lakini sheria ya sauti ni kwamba ukibadilishana nafasi na wufa, utakachokisikia ni kile kile.

Kama chumba hakina nafasi ya kuchagua, sogeza kochi. Katikati kabisa ya chumba noti ile nzito hufifia, na ukiegemea ukuta huzidi. Hata futi moja au mbili hubadilisha mambo.

Vitufe vitatu

Cha kwanza ni kile kilichoandikwa hezi, kwa kawaida kutoka 40 hadi 150 au zaidi. Hiki huamua wufa iishie wapi na spika ndogo zianzie wapi. Anza na 80. Ikiwa spika zako ni ndogo sana, panda hadi 100 au 120, maana zenyewe hazishuki chini. Usizidishe. Sauti ya mwanamume huanzia karibu hezi 85, kwa hivyo kitufe kikiwa juu, msomaji wa Qur'ani au mwimbaji wa taarab husikika kama anatoka ndani ya pipa. Kwa visomo na mawaidha, punguza besi kabisa.

Cha pili ni swichi ya 0 na 180. Piga wimbo, kaa pahali pako, mwambie mtu aibadilishe. Upande utakaokupa besi iliyojaa zaidi ndio sahihi. Kama wufa yako haina swichi hii na besi ni nyembamba, angalia nyaya za spika: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa spika zote.

Cha tatu ni sauti yenyewe. Ipandishe kidogo kidogo mpaka uisikie, kisha irudishe nyuma kidogo. Wufa iliyorekebishwa vyema hutambui iko wapi. Unajua ipo unapoizima tu.

Kabla ya kumlaumu fundi

Mngurumo wakati mwingine ni dirisha la vioo, fremu ya picha au sahani kabatini. Shika kimoja kimoja kwa mkono uone mlio unapokatika. Hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi: ncha za nyaya hushika kutu, na ukingo wa sponji unaoshika koni huoza na kupasuka. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Ukipasuka, fundi anaweza kubadilisha ukingo peke yake.

Na ukilazimika kununua, usidanganywe na maelfu ya wati yaliyoandikwa PMPO kwenye boksi. Hesabu hiyo ni ya kuuzia. Tafuta iliyoandikwa RMS, ambayo ni nguvu inayotolewa mfululizo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Haki ya jirani

Hapa ndipo penye uzito. Aliyekaa pahali besi inapopotea hupandisha sauti ili aipate. Yeye bado haridhiki, lakini besi ile yote inapita ukutani na dari hadi kwa mgonjwa, mtoto mchanga, au mwanafunzi mwenye mtihani. Sauti nyembamba hukatwa na ukuta, nzito hupenya. Kipande cha mpira chini ya wufa hupunguza mtetemo unaoshuka sakafuni, lakini hakizuii ile ya hewani. Kinachosaidia kweli ni kuiweka pahali sawa ili usihitaji kuipandisha.

Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira. Lakini sisi watu wa pwani, tunaoishi ukuta kwa ukuta, hatungoji kanuni kumjali jirani. Ukimaliza kurekebisha, mwache mtu asikilize ukumbini, nawe toka nje usimame mlangoni kwa jirani. Ukiisikia hapo kama uko ndani kwako, bado hujamaliza.