Kahawa ya Mapendo na watu walioilima

Leo sina habari ya mkutano wala ya barabara. Nataka niwapeleke kwa mama mmoja anayeuza kahawa hapa katani Mapendo, upande wa Birere. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe aliniambia: "Andika kahawa, mimi uniache."

Nyumba yake ni ya mbao na mabati, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zetu nyingi. Ndani kuna mabenchi mawili, babula moja ya makala, sufuria, termosi tatu na vikombe visivyofanana. Kahawa anaikaanga mwenyewe, anaitwanga kwenye kinu, anaichemsha na tangawizi. Kibao mlangoni hakuna. Wateja wanafuata harufu.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, wanafika walinzi waliokesha zamu. Hao hawaongei. Baada yao wanakuja wamotari, wanakunywa wakiwa juu ya pikipiki, mguu mmoja chini, jicho barabarani wasije wakapitwa na abiria. Kisha akina mama wanaoenda kuvuka mpaka kwenye Petite Barrière, beseni pembeni, kikombe mkononi. Kila mmoja ana lake. Huyu anasema sukari ni kidogo, yule anasema kikombe kimepungua tangu mwezi uliopita. Kijana mmoja aliionja akakunja uso, akauliza kama hakuna ile ya unga, ya pakiti, inayotoka ng'ambo. Mama akamjibu: "Mwanangu, ile ni rangi. Hii ni kahawa."

Nilikuwa nimekaa hapo siku alipoingia papa mmoja, umri wake umepita miaka sitini, mkimbizi wa ndani kutoka milima ya juu ya Minova. Alipewa kikombe. Akakinusa muda mrefu, akakunywa kidogo, akanyamaza. Halafu akatuambia kwamba miti ya kahawa ameitunza maisha yake yote, kama baba yake, lakini hajawahi kukaa mahali akanywa kikombe cha kahawa. "Sisi tulikuwa tunauza tu. Kunywa ilikuwa kazi ya wazungu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikarudi nyumbani nikifikiria neno lake, maana halikuwa la mzaha.

Kahawa ya arabika haikuota yenyewe katika milima yetu. Asili yake ni Ethiopia, na kwetu ilienea wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa ardhi kubwa sana ya kugawia walowezi. Udongo wa volkano na milima inayopita mita 1,500 viliwafaa. Mashamba yakafunguliwa, na babu zetu wakaingia humo kama vibarua. Walipanda, walichuma, walibeba. Magunia yaliteremka hadi ziwani, yakaenda zake Ulaya. (Robusta ni hadithi nyingine. Hiyo ni ya misitu ya Afrika, Kongo ikiwemo, na miche iliyotoka Kongo ilipelekwa hadi Java karibu na mwaka 1900, baada ya ugonjwa wa kutu kuharibu arabika kule. Sisi ndio tuliowapa, na watu wachache hapa mjini wanajua hilo.)

Baada ya uhuru wakulima wadogo walikuwa na miti yao wenyewe. Mwaka 1973, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza zaïrianisation, na mashamba ya wageni yakapewa watu ambao wengi wao hawakujua hata namna ya kupogoa mti. Mashamba makubwa yakaanza kuingia msituni. Lakini kwa mkulima mdogo miaka hiyo ilikuwa na neema yake. Baridi kali iliua miti ya Brazil mwezi wa saba mwaka 1975, na bei ikapanda duniani kote. Papa yule anakumbuka kwamba nyumba ya kwanza ya mabati kijijini kwao ilitoka kwenye kahawa. Na karo za shule pia.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Zaire ilikuwa ikiuza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa robusta. Halafu mwezi wa saba mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei kwa kugawa mafungu yakavunjika. Bei ikaanguka. Ugonjwa wa kunyausha ukashambulia robusta. Barabara zikafa, vita vikaja, na karne mpya ilipofika nchi nzima ilikuwa inatoa sehemu ndogo tu ya kile kilichokuwa kinatoka zamani, kwa hesabu ya serikali.

Nasema kwa hesabu ya serikali, kwa sababu kahawa nyingine haikupita mbele ya serikali. Ilipita ziwani usiku. Kutoka Idjwi, kutoka pwani ya Kalehe, watu walijaza magunia kwenye mitumbwi wakavuka kwenda Rwanda, ambako bei ilikuwa nzuri na ushuru haukuwa mzigo kama wa kwetu. Wengine walibadilisha kahawa kwa sabuni, chumvi na nguo. Wengi hawakurudi. Ziwa Kivu likichafuka, mtumbwi uliojaa gunia hauna huruma. Hadi leo huko Idjwi kuna wajane ambao waume zao walikufa maji pamoja na kahawa. Nilipolitaja hilo kwenye benchi la Mapendo, mama mmoja muuza samaki aliweka kikombe chini, akasema tu: "Kaka yangu mkubwa." Hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwaka 2003 wakulima wa upande wa Minova walianzisha ushirika wa SOPACDI, wakiwakusanya watu wa makabila yaliyokuwa yametoka kupigana. Baadaye vikajengwa vituo vya kuoshea kahawa, na wakulima wakaanza kupeleka matunda mekundu badala ya kahawa iliyomenywa nyumbani na kukaushwa chini. Kahawa ya Kivu ikaanza kutajwa Uingereza na Marekani kwa jina lake, na si kama kitu cha kuchanganyia tu. Ni katika miaka hiyo ambapo hapa Goma pia watu walianza kuikaanga na kuifungua migahawa. Kuna ile ya wenye kompyuta na mashine ya Italia, bei yake siwezi kuilipa kila siku. Na kuna hii ya benchi.

Kisha ukaja mwezi wa kwanza wa 2025. Minova, Sake, halafu Goma yenyewe, yote ndani ya wiki moja. Kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilivunjwa mwezi wa pili. Wengine walirudi walikotoka, wengine hawakuwa na pa kurudi, wakaingia mjini kwa jamaa na kwa familia zilizowapokea, hapa Mapendo wakiwemo. Benki zikafungwa. Faranga ndogondogo zikawa chache, na zile zilizobaki zimechakaa hadi watu wanazikataa.

Hapo ndipo mama wa kahawa alinunua daftari. Nimeliona. Hakuandika majina ya watu, ameandika alama anazozijua yeye: motari mwenye kofia nyekundu, mwalimu mrefu, papa wa Minova. Mbele ya kila alama kuna mistari, kila mstari kikombe kimoja. Nilimuuliza kama anatarajia kulipwa yote. Akaniambia kwamba akianza kuuliza hivyo atafunga kesho asubuhi, na makala yamepanda bei, na yeye pia ana watoto.

Papa wa Minova sasa anakuja karibu kila siku. Hanywi haraka. Kwanza anaomba aonyeshwe punje kabla hazijakaangwa, anazimwaga kwenye kiganja, anatoa zile zilizotobolewa na mdudu na kuziweka pembeni. Kazi hiyo hakuna aliyemtuma, na mama amemwachia, maana kahawa imekuwa nzuri zaidi. Wiki iliyopita aliuliza gunia limetoka wapi. Mama akamjibu: upande wa Kalehe.

Akauliza kama aliyelileta alisema lolote kuhusu miti. Maana ni misimu miwili sasa yake haijapogolewa, na mti usipopogolewa unapanda juu, unatoa majani mengi na matunda machache, na kuurudisha ni lazima uukate karibu na shina, usubiri. Mama akasema aliyelileta ni mchuuzi tu, hajui habari za miti.

"Basi akirudi," papa akasema, "umuulize kama njia inapitika."

Akamaliza kikombe chake. Mama akafungua daftari, akachora mstari.