Kalamu nyeusi kwenye kabati la meya

Kila inapofika Septemba 8, magazeti ya Uingereza hurudia picha zilezile: foleni kando ya Mto Thames, jeneza katikati ya Ukumbi wa Westminster, maua yaliyorundikwa kwenye mageti ya kasri. Siku hiyo mwaka 2022 Malkia Elizabeth II alifariki Balmoral, Scotland, akiwa na umri wa miaka 96. Tangazo lilitoka saa 12:30 jioni. Kwa makarani wa mabaraza ya miji na vijiji, saa hiyo ndipo kazi ilipoanza, na kwa wengi wao ilianza kwa kufungua kabati.

Kabatini kulikuwa na nini? Mwongozo wa chama cha maofisa wa itifaki wa mabaraza ya Uingereza, ambao mabaraza mengi yameunakili kwa kubadili majina tu, unaeleza mambo hayo kwa utulivu wa mtu anayepanga harusi. Kuwe na picha ya marehemu iliyotiwa fremu na utepe mweusi. Kuwe na vitambaa vyeusi vya kufunga mkononi, na tai nyeusi kwa wasio nazo. Siwa ya baraza ifungwe kitambaa cheusi. Meza ya daftari la rambirambi iandaliwe mahali ambapo mtu wa kiti cha magurudumu atafika, pamoja na kalamu za wino mweusi. Halafu linakuja agizo ambalo msomaji wa haraka atalipita: kurasa za daftari zisishonwe, ziwe karatasi moja moja.

Sababu yake ni kwamba mtu akiandika tusi, karatasi ile inachomolewa usiku na asubuhi daftari linaendelea kuwa safi.

Agizo hilo linaeleza jalada zima la mwongozo. Anayelisoma akidhani ni kitabu cha heshima atachoka mapema. Alisome kama orodha ya aibu zilizopita, na karibu kila kifungu kitamsimulia siku ambayo mambo yaliharibika mbele ya watu.

Zamani hofu ya kugusa kifo cha mtawala ilikuwa kubwa zaidi. Sheria ya uhaini ya Uingereza ya mwaka 1351 ilifanya hata kuwazia kifo cha mfalme kuwa kosa. Makoloni yaliirithi. Oktoba 1976, wakati wanasiasa wa Kenya walipoanza kubishana hadharani nani atamrithi Mzee Jomo Kenyatta, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwakumbusha kwamba kuwazia au kupanga kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Mjadala ukafa palepale. Mzee naye akafariki Mombasa Agosti 22, 1978. Wakati huo Waingereza wenyewe, walioandika sheria ile, walikuwa wameshazoea kuandaa mafaili ya mazishi ya Malkia wao aliyekuwa mzima wa afya. Maandalizi yake yalianza miaka ya 1960.

Huko nyuma kidogo, kazi ya mabaraza ilikuwa nyepesi. Malkia Victoria alipofariki Januari 22, 1901, meya alivaa joho, akasoma tangazo la mfalme mpya kutoka kwenye ngazi za ukumbi wa mji, kengele zikapigwa, watu wakaenda zao. Edward VII alifuata mwaka 1910 kwa mtindo uleule. Kifo cha George V, Januari 20, 1936, kiliacha doa lililojulikana miaka 50 baadaye: daktari wake, Lord Dawson, alikuwa ameandika kwenye kumbukumbu zake kwamba alimdunga mgonjwa mofini na kokeini ili afe kabla ya usiku wa manane, habari iwahi gazeti la The Times la asubuhi badala ya magazeti ya jioni yasiyo na hadhi. Hata saa ya kifo ilikuwa na itifaki yake.

Kisa kinachowahusu wasomaji wa huku ni cha mwaka 1952, kwa sababu kilitokea Nyeri.

Binti mfalme Elizabeth na mumewe Philip walikuwa ziarani Kenya. Usiku wa Februari 5 walilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, wakitazama tembo wakija kunywa maji. Asubuhi walirudi Sagana, kwenye nyumba ambayo koloni la Kenya lilikuwa limewapa kama zawadi ya harusi. Wakati huohuo, huko Sandringham, baba yake George VI alikutwa amefariki kitandani. London maneno ya siri yalikuwa tayari. Ili wasichana wa simu wasivujishe habari, maofisa walipeana taarifa kwa jina la kona moja ya barabara, Hyde Park Corner. Simu zikapita na habari ikatunzwa.

Kenya ndiko mambo yalikokwama. Telegramu ya siri ilifika Ikulu ya Gavana Nairobi, lakini Gavana Philip Mitchell alikuwa njiani kwenda Mombasa kuwaaga wageni ambao wangepanda meli ya Gothic, na bila yeye kitabu cha kufumbulia maandishi ya siri hakikuweza kufunguliwa. Ujumbe mzito kuliko yote ya karne hiyo katika koloni ukakaa mezani kama hesabu isiyo na jibu. Aliyeziba pengo ni mwandishi wa habari aliyekuwa Hoteli ya Outspan, Nyeri. Yeye ndiye aliyempasha habari katibu wa binti mfalme, Martin Charteris. Charteris akapiga simu Sagana. Michael Parker, msaidizi wa Philip, akamwita bosi wake pembeni. Philip akamchukua mkewe bustanini.

Kwa hiyo mwanamke huyo alikuwa malkia kwa saa kadhaa bila kujua, huku baadhi ya wahariri wakijua. Alisafiri kutoka Nanyuki hadi Entebbe, akacheleweshwa huko na dhoruba, kisha London. Inasimuliwa kwamba nguo zake nyeusi zilikuwa zimetangulia na mizigo, na kwamba tangu hapo hakuna mtu wa familia ile anayesafiri bila vazi la msiba kwenye sanduku. Treetops yenyewe iliteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954. Iliyojengwa baadaye ilisimama mahali tofauti, ingawa watalii waliendelea kuambiwa kwamba hapo ndipo.

Mpango ulioandikwa baada ya hapo uliitwa London Bridge. Siku ya kifo iliitwa siku ya D, zilizofuata zilihesabiwa kwa namba, na kila ofisi ilijua zamu yake. Mama yake Malkia naye alipewa daraja lake, Tay Bridge, na mpango huo ulifanyiwa mazoezi kwa zaidi ya miaka 20 ukimsubiri mama ambaye hakuwa na haraka. Aliyeutumia kwanza ni mwingine kabisa.

Diana alifariki Paris Agosti 31, 1997. Hakuwa tena na cheo cha kumfanya azikwe kitaifa na hapakuwa na ukurasa wake popote, hivyo maofisa wakachukua faili la bibi kizee na kulikatakata. Mabaraza hayakusubiri kuelekezwa. Madaftari yalifunguliwa kwenye kumbi za miji, maktaba, hata madukani. Pale Kasri la St James's yalianza machache yakafika 43, na watu walisimama usiku kucha ili waandike mistari miwili.

Ugomvi mkubwa ukawa wa bendera. Juu ya Kasri la Buckingham ilikuwa ikipepea bendera ya mfalme peke yake, tena pale tu mwenyewe yumo ndani; na bendera hiyo haishushwi nusu mlingoti kamwe, kwa kuwa akifa mfalme kuna mfalme. Malkia alikuwa Balmoral na wajukuu wake. Mlingoti ukabaki mtupu. Kwa watu wa itifaki huo ulikuwa usahihi kamili. Kwa watu wa mtaani, walioona bendera za mabaraza yao zimeshushwa kila kijiji, ulikuwa ubaridi wa moyo, na magazeti yakalisema hilo kwenye kurasa za mbele kwa herufi kubwa. Malkia alirudi London Septemba 5 na kuhutubia taifa. Kesho yake, siku ya mazishi, bendera ya taifa ilipandishwa juu ya kasri na kushushwa nusu mlingoti. Tangu hapo inapepea kila Malkia, na sasa Mfalme, anapokuwa hayupo. Kinachochekesha ni kwamba sheria ya bendera hata haiyabani mabaraza. Maelekezo ya serikali ni kwa majengo ya serikali, halmashauri inaamua yenyewe. Lakini baada ya mwaka ule, karani gani angethubutu kuacha mlingoti mtupu?

Mama yake Malkia alilitumia faili lake hatimaye mwaka 2002. Mtangazaji wa BBC Peter Sissons alisoma habari hiyo akiwa na tai ya rangi ya damu ya mzee na kutukanwa nchi nzima, na hapo mtu anaelewa kwa nini tai nyeusi zimo kabatini. Philip alifariki Aprili 9, 2021, katikati ya korona; madaftari yakahamia mtandaoni na wananchi wakaombwa wasilete maua. Mwaka huo BBC ilipokea malalamiko zaidi ya 100,000, safari hii kwa sababu imeomboleza kupita kiasi.

Septemba 2022 ilipofika, kila kovu lilikuwa na kifungu chake. Septemba 10, saa 5 asubuhi, bendera zilipandishwa juu kwa heshima ya Mfalme Charles III, na saa 7 mchana siku iliyofuata zikarudi nusu mlingoti. Tangazo la ufalme lilisomwa London, kisha Edinburgh, Cardiff na Hillsborough, kisha likateremka hadi kwa mameya na mabaraza ya vijiji, ambayo England peke yake ina takriban 10,000. Mashine ilizunguka vizuri mno, na ndipo ikaanza kusaga vitu ambavyo hakuna aliyeituma isage.

Mjini Norwich baraza lilifunga vituo vya kuegeshea baiskeli na kubandika ilani kwamba vimefungwa kwa ajili ya maombolezo ya kifalme. Picha ikasambaa nchi nzima ndani ya saa chache. Baraza likajieleza kwamba nafasi ilihitajika kwa wanaokuja kuomboleza, maelezo ambayo kwa haki yana mantiki, lakini nani alisikiliza? Baiskeli zilishakuwa kichekesho. Duka kubwa moja likapunguza mlio wa mashine za malipo. Wasimamizi wa bustani za kifalme wakalazimika kuwaomba watu waache kuleta wanasesere wa Paddington, dubu wa hadithi za watoto, na mikate ya mamaledi anayoipenda. Hakuna mwongozo uliokuwa umetabiri mamaledi.

Oxford haikuwa kichekesho. Septemba 11, tangazo liliposomwa hadharani pale Carfax, mtu mmoja alipaza sauti kuuliza ni nani aliyemchagua mfalme huyu. Akakamatwa, akafungwa pingu, baadaye akashtakiwa. Mashtaka yalifutwa Januari 2023 na polisi wakaishia kumlipa fidia. Jalada lilikuwa na jibu la mwenye tusi la kuandika, lakini si la mwenye swali la kuuliza kwa mdomo. Hilo ndilo kosa lililostahili kelele ambazo baiskeli zilipata.

Mpango wa Mfalme Charles nao unalo daraja lake, Menai Bridge. Wiki chache baada ya mazishi ya mama yake, daraja lenyewe la Menai, kule Wales, lilifungwa ghafla kwa hofu ya usalama na halikufunguliwa hadi Februari 2023.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuyacheka haya yote na kuyaita uchuro, maana kwetu kumpangia mtu mazishi akiwa hai ni kama kumwita Izraili. Kamati ya msiba huundwa maiti ikiwa imeshalala. Kwa msiba wa mtaani mtindo huo unafanya kazi vizuri: turubai, viti na sufuria hupatikana kabla ya jua kuzama. Kwa kiongozi mkubwa, umeua watu. Machi 21, 2021, katika kumuaga Rais John Magufuli pale Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa kwenye msongamano. Oktoba 2025 ikawa zamu ya Raila Odinga. Umati ulivamia uwanja wa ndege wa Nairobi, ratiba ikahamishwa ghafla kwenda Kasarani, polisi wakafyatua risasi na waombolezaji wakafa. Kesho yake watu wakakanyagana Nyayo. Keshokutwa yake ilikuwa Kisumu, Mamboleo, na wakakanyagana tena.

Raila alikuwa na umri wa miaka 80, na hakuna mtu Kisumu aliyekuwa hajui kwamba siku hiyo ikifika mji mzima utatoka nje. Tai nyeusi na karatasi zisizoshonwa wangeweza kuwaachia Waingereza. Kilichohitajika Mamboleo ni ukurasa mmoja ulioandikwa mapema, unaosema lango lipi ni la kuingilia, lipi la kutokea, gari la wagonjwa litasimama wapi, na nani wa kaunti anashika funguo.