Nyimbo 5 tu: Sonic Youth walivyoanza

Wadau wa muziki, leo turudi New York, Desemba 1981. Watu wanne wa bendi ya roki Sonic Youth wanaingia studio ya Plaza Sound, ndani ya jengo la Radio City Music Hall, palepale Ramones waliporekodi albamu yao ya kwanza. Wanatoka na nyimbo 5 tu, hata dakika 25 hazifiki.

Rekodi ikatoka 1982 kwa Neutral, lebo ndogo ya Glenn Branca, mpiga gitaa ambaye Lee Ranaldo wa bendi alishapiga naye. Wengine wangeona ni kidogo mno. Lakini sikiliza "The Burning Spear": Ranaldo kachukua drili ya umeme, ile ya fundi kabisa, akaipitisha kwenye pedali ya gitaa. Kelele ikawa muziki bwana! Na ule mtindo wao maarufu wa kutuni magitaa kivyao ulikuwa haujashika kasi.

Mpiga dramu, Richard Edson, hakukaa. Akahamia kwenye filamu. Ukicheki Do the Right Thing ya 1989, Vito ndo yeye. Waliobaki wakakomaa, 1990 wakatoka na lebo kubwa ya DGC, na Nirvana nao wakaingia hukohuko.

Sasa wewe msanii unayesubiri nyimbo 15 ndo utoke, unasubiri nini? Wenzako walitoka na tano.

Ungekuwa Edson, ungebaki au ungesepa? Tupia maoni hapo chini.