Moto wa Chang'aa Kibera

Upishi wa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ni elimu ya halijoto, hata kama mpishi hajawahi kushika kipimajoto. Wanubi, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza, waliopewa makao Kibera, Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20, walisifika kwa jini yao, na ufundi huo ukawa riziki ya vijiji vya Kibera kama Silanga. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, na kwa kuwa Nairobi iko juu, maji huko huchemka karibu nyuzi 95. Tofauti hiyo kati ya kileo na maji ndiyo sababu moto hutulizwa: mvuke wa kileo hutangulia, ukagusa sufuria ya maji baridi, ukadondoka tone kwa tone. Moto ukizidi, maji hufuata na kinywaji huwa chapwa.

Lakini ni ufundi gani huo unaopofusha watu? Swali hilo ni zito: mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli, alkoholi ya sumu inayopofusha. Hata hivyo, methanoli ya kuua kiasi hicho huongezwa na mtu. Haitoki kwenye uchachushaji wa sukari na nafaka. Ikishaingia haina rangi ya kuitambulisha, na ingawa huchemka kwenye nyuzi 65, pengo kati yake na 78 za kileo ni jembamba mno kwa sufuria kuitenga. Sheria ya 1980 iliharamisha chang'aa yote, salama na yenye sumu kwa pamoja, hadi ile ya 2010 ilipoiruhusu kwa masharti.