Viti 29 wazi kwa mpigo: uchaguzi mdogo wa Kenya wa 1966

Juni 1966, Kenya ikiwa haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru, wapiga kura wa sehemu mbalimbali za nchi waliitwa tena vituoni. Viti 29 vya bunge vilikuwa wazi: 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. Havikuachwa wazi na vifo wala hukumu za mahakama. Wenye viti walikuwa wamehama chama, na sheria ya kuwavua ubunge ilitungwa walipokwisha kuhama.

Mzozo wenyewe ulikuwa umetokota muda mrefu ndani ya chama tawala, KANU. Upande mmoja alikuwa Rais Jomo Kenyatta pamoja na katibu mkuu wa chama, Tom Mboya. Upande wa pili Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, na Bildad Kaggia, mbunge wa Kandara. Kaggia alishikilia kwamba mashamba ya walowezi wapewe wasio na ardhi bila kulipishwa. Mwaka 1965 Kenyatta alimsuta hadharani, mbele ya watu wa Kandara kwenyewe. Aliwataja wenzao waliotoka nao kifungoni ambao sasa wana kahawa na mabasi, kisha akamuuliza Kaggia yeye amejifanyia nini.

Machi 1966 mkutano wa KANU ulifanyika Limuru. Wadhifa wa makamu wa rais wa chama, uliokuwa wa Odinga, ukafutwa na mahali pake wakachaguliwa makamu wanane wa mikoa. Odinga hakungoja zaidi. Katikati ya Aprili alijiuzulu pia umakamu wa rais wa nchi, akaenda kuongoza chama kipya cha Kenya People's Union (KPU). Kaggia akawa naibu wake, na wabunge kadhaa wakawafuata, akiwemo aliyekuwa Waziri wa Habari, Achieng Oneko.

Serikali ilijibu kwa kasi. Kabla Aprili haijaisha, bunge lilikuwa limeshabadili katiba: mbunge anayekihama chama kilichomdhamini hupoteza kiti na hana budi kurudi kwa wapiga kura. Baadhi ya waliohama walipoona mambo yamegeuka walitaka kurejea KANU, lakini walikuwa wamechelewa.

Hoja ya serikali ilikuwa na mantiki. Aliyechaguliwa kwa tiketi ya KANU ana haki gani ya kukaa na kiti chini ya bendera nyingine? Ila swali hilo halikuulizwa Novemba 1964, chama cha upinzani cha KADU kilipojivunja na wabunge wake, Ronald Ngala na Daniel arap Moi wakiwemo, wakavuka kwenda KANU. Hao walipokelewa kwa shangwe, na hakuna aliyeambiwa arudi jimboni kuomba kura upya.

Kampeni ikawa ya jogoo, alama ya KANU, dhidi ya dume, alama ya KPU, na uwanja haukuwa sawa. KPU ilicheleweshewa usajili na kunyimwa vibali vya mikutano, huku redio ya taifa ikiipigia debe KANU. Matokeo yalipotoka, KANU ilikuwa na viti 20 na KPU 9: saba vya Baraza la Wawakilishi na viwili vya Seneti. Hata hivyo, ukijumlisha kura zote, KPU ndiyo iliyopata nyingi zaidi. Kura zake zilirundikana Nyanza, ambako Odinga alitetea Bondo bila jasho, wakati KANU ilishinda viti vingi kwingineko. Kaggia alianguka Kandara na Oneko akaanguka Nakuru. Wote wawili walikuwa wameshtakiwa pamoja na Kenyatta kule Kapenguria, katika kesi ya Mau Mau enzi za ukoloni.

Kabla mwaka haujaisha, bunge liliamua kuunganisha Seneti na Baraza la Wawakilishi. KPU nayo ilisalia na pumzi. Mei 1969, kiti cha Gem kilipobaki wazi baada ya Waziri Argwings-Kodhek kufariki, mgombea wa KPU, Wasonga Sijeyo, aliishinda KANU. Ushindi huo haukudumu: Oktoba mwaka huohuo KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Sijeyo, aliyekuwa miongoni mwao, aliachiliwa Desemba 1978.

Sheria ya kuhama chama imedumu kuliko walioitunga. Katiba ya 2010 inayo katika ibara ya 103, na ibara ya 101 inataka kiti kilicho wazi kijazwe ndani ya siku 90. Lakini mbunge wa Banissa alipofariki Machi 2023, tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Wakazi wa Banissa walipiga kura Novemba 2025, baada ya kukaa bila mbunge zaidi ya miaka miwili na nusu. Mwaka 1966, viti 29 vilijazwa katika muda wa miezi miwili hivi tangu sheria ipite. Safari ile mwenye haraka alikuwa serikali. Banissa mwenye haraka alikuwa mpiga kura.