Zebaki iliyojificha: Maneno nayo yana kwao

Majuzi nilihudhuria mnada wa vyombo vya nyumbani jijini Nairobi. Palikuwa na saa za ukutani, kandili za shaba, albamu za stempu, gramofoni isiyo na sindano na, kwenye kona, kipimahewa kirefu cha mbao kilichoundwa Uingereza katika karne ya 19. Dalali alichungulia kidirisha kilicho juu, akatikisa kichwa. "Hiki kimekufa. Zebaki imevuja yote. Nani atanipa elfu mbili?" Kikamwangukia kijana mmoja fundi wa fanicha, ambaye hakuficha kwamba alitaka mbao tu.

Nilimfuata nje. "Kijana wangu, usikikate hicho."

"Mzee, si umesikia ni kibovu?"

Nilimwomba tukiinamishe polepole. Tulipokilaza kiasi, uzi wa zebaki ulipanda ndani ya bomba la kioo, ukachomoza kidirishani na kugonga ncha ya juu: tik! Tulipokisimamisha, ukashuka na kupotelea nyuma ya mbao. Chombo kilikuwa kizima. Lau angekipiga msumeno, angemwaga karakanani mwake sumu ambayo mvuke wake hauonekani wala haunuki.

Zebaki ilikuwa imejificha kwa sababu ya mahali. Mwaka 1643, Mwitaliano Evangelista Torricelli alibaini kwamba uzito wa hewa huweza kuinua zebaki ndani ya bomba lililozibwa juu hadi kimo cha sentimita 76 hivi. Miaka mitano baadaye, Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme kule Ufaransa na bomba kama hilo. Kadiri alivyopanda ndivyo zebaki ilivyoshuka, kwani juu mlimani hewa ni nyepesi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapa zebaki husimama kwenye inchi 24 na nusu hivi, ilhali kidirisha cha chombo kile kilianzia inchi 27. Dalali aliangalia mahali ambapo zebaki haikupaswa kuwa.

Kilichonivutia zaidi mimi mtu wa lugha ni maneno yaliyochongwa kando ya tarakimu. Kwa tafsiri yangu, inchi 28 ni Dhoruba, 29 ni Mvua, 29 na nusu Mabadiliko, 30 Kumetakata, na 31 Ukavu Mkubwa. Hayo ni maneno ya Uingereza, yaliyotokana na anga ya huko. Kwa kipimo hicho, Nairobi ingekuwa chini ya Dhoruba mwaka mzima, hata katika jua kali la Januari. Mombasa nako zebaki hubaki karibu na inchi 29.9, kati ya Mabadiliko na Kumetakata, mvua inyeshe isinyeshe. Mwendo wake mkubwa katika nchi za tropiki ni wa kila siku: hupanda kufikia saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi jioni, hupanda tena saa nne usiku na kushuka saa kumi alfajiri. Yaani hukueleza saa kuliko mvua.

Hata huko kwao maneno hayo yalitiliwa shaka. Robert FitzRoy, nahodha aliyemsafirisha Charles Darwin katika meli ya Beagle, aliongoza idara ya hali ya hewa ya Uingereza tangu 1854. Aliwashauri mabaharia wasiyategemee mno maneno ya kwenye kipimahewa, bali waangalie kama zebaki inapanda au inashuka. Baada ya meli ya Royal Charter kuzama Oktoba 1859 na kuua zaidi ya watu 400, alianzisha maonyo ya dhoruba kwa njia ya telegrafu. Ajabu ni kwamba minadani leo vipimahewa vingi vinavyouzwa kwa jina lake viliundwa baada ya kifo chake, na vimejaa maneno kutoka juu hadi chini!

FitzRoy alichagua pia jina la taarifa zake kwa uangalifu. Alisisitiza kwamba si unabii wala ubashiri, bali ni maoni yaliyotokana na hesabu. Magazeti hayakujali tofauti hiyo. Yalimkejeli kila alipokosea, naye akajiua mwaka 1865.

Sisi tumeiita kazi hiyo utabiri. Tabiri ina asili ya Kiarabu, na asili hiyo inahusu kufasiri ndoto. Tumechukua kazi ya hesabu tukaipa jina la mwaguzi, kisha mvua isiponyesha tunamcheka mtaalamu kama mganga aliyeumbuliwa. Mkulima anayepuuza onyo la mafuriko kwa sababu "hao hutabiri tu" amepotoshwa na neno kabla hajapotoshwa na hewa. Sidai tulifute neno hilo, kwani limekwisha kuzoeleka. Ninachodai ni kwamba walimu na wanahabari walieleze: hayo ni makadirio, nayo yana kiwango chake cha uhakika. Tarakimu husafiri salama kutoka nchi hadi nchi. Maneno yakisafiri hayana budi kupimwa upya. Mabaharia wetu walilijua hilo. Kaskazi na kusi ni majina yaliyotungwa na watu waliokaa na pepo hizo vizazi kwa vizazi.

Kijana yule alinipigia simu juzi. Amepata mnunuzi Mombasa, kwa bei ambayo dalali hataki kuisikia. Nilimwambia amweleze mteja wake mambo mawili: huko zebaki itaonekana kidirishani, lakini maneno yaliyo kando yake asiyaamini.